Karatasi ya Tisa

Kila Alhamisi saa kumi kamili alasiri, Mama Mchungaji alitolewa sebuleni mwake. Hakufukuzwa, la, mumewe alikuwa mtu wa adabu. Alimwambia tu, "Mama, tupishe kidogo, nina kocha," naye akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mlango ukafungwa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mumewe, halafu sauti ya mwanamke ikitoka kwenye simu, nyororo, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyekwisha kula na ambaye hana nguo za kufua.

"Hilo nimelisikia, Mchungaji," ilisema ile sauti. "Na chini yake kuna nini?"

Chini yake! Mama Mchungaji alikuwa ameishi na mtu yule miaka kumi na mitano na hakuwahi kumuuliza chini yake kuna nini. Alichojua yeye ni kwamba chini ya kitanda kuna soksi zake, na hizo alikuwa akiziokota bila kulipwa ada ya kocha.

Jambo hili lililetwa na makao makuu. Iliandikwa barua kwamba kila mchungaji atapewa kocha kwa mwaka mzima, ili akue katika uongozi na ajitambue. Barua iliposomwa kwenye baraza la wazee, mwenyekiti wa baraza, mzee aliyezoea kuuliza maswali hata kwenye sala, alitaka kujua kama mchungaji atavaa kaptula. Watu walicheka. Mchungaji hakucheka. Tangu siku ile alianza kutembea na kidaftari kidogo mfukoni, akisema maneno kama "ninakubali udhaifu wangu" na "hebu tulia na hisia hiyo". Wakiwa mezani alimuuliza mkewe, "Unahisi nini sasa hivi?" Mkewe akasema anahisi chumvi imepungua.

Hakuwa na ugomvi na kukua. Lakini mtu mzima wa miaka hamsini na miwili akianza kukua ghafla, tena mlango ukiwa umefungwa, mkewe ana haki ya kujiuliza anakua kuelekea wapi.

Halafu zikaja fomu. Jumapili moja baada ya ibada, watu kumi walipewa bahasha: wazee sita, katibu, kiongozi wa kwaya, mwinjilisti, na mke wa mchungaji mwenyewe. Kila mmoja aandike ukweli kuhusu kiongozi wake, bila jina, bila woga. Kocha alikuwa apite mjini Jumatano kuzichukua. Angezipeleka zikapigwe chapa ili mwandiko wa mtu usijulikane, zile za mkono angezichoma, na mchungaji angepewa nakala safi.

Mama Mchungaji alijaza yake jikoni. Swali la tatu lilikuwa: Je, kiongozi huyu husikiliza? Aling'ata kalamu kwa muda mrefu. Akaandika, "Husikiliza sana," akamwomba Mungu amsamehe, akaifunga bahasha.

*

Kazi yake ya siku zote ilikuwa dukani, mtaa wa nyuma ya soko, kwenye chumba kidogo kilichotengwa na pazia. Mbele palikuwa na kaunta na mashine ya fotokopi. Nyuma palikuwa na kompyuta, feni iliyogoma, na yeye. Alipiga chapa hati za kiapo, kadi za harusi, ratiba za mazishi, barua za watu wanaoachana. Bosi wake alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila wiki: mpiga chapa ana vidole, hana macho.

Jumatano hiyo Bosi alipenya pazia na bunda la karatasi. "Mama, hii kazi ya haraka. Mteja anarudi saa tisa. Amesema ni siri sana."

Karatasi ya juu kabisa ilikuwa yake mwenyewe. Husikiliza sana. Alifungua pazia kidogo akachungulia, na kwenye kaunta akamwona mama mfupi wa miaka karibu sabini, raba miguuni, miwani imefungwa kwa uzi, akihesabu vidonge vyake vya presha kwenye kiganja. Sauti ilikuwa ile ile. Miezi minne mizima alikuwa akimwonea wivu bibi wa watu. Alirudi kitini akajicheka mwenyewe, kicheko cha aibu.

Hapo angesimama aseme: mama, kuna kosa, huyu kiongozi ni mume wangu. Kocha hakumjua, alikuwa mgeni mjini na aliingia kwenye duka la kwanza lenye kibao. Lakini Mama Mchungaji hakusema. Alitaka kujua. Nani kati yetu, akiletewa mkononi yanayosemwa juu ya nyumba yake, angeyarudisha bila kuyasoma?

Akapiga. Mmoja alisema mahubiri ni marefu. Mwingine alisema mchungaji husahau majina ya wagonjwa. Yake aliipiga akitazama pembeni, kama mtu anayepita karibu na anayemdai. Alipofika karatasi ya tisa, vidole vilisimama.

Mwandiko ulikuwa wa mumewe. Alikuwa amempigia mahubiri yake kwa miaka yote kumi na mitano, na angeutambua mwandiko ule gizani: ile "k" iliyoegemea nyuma kama mtu anayeumwa kiuno, na nukta alizozikandamiza hadi karatasi inakaribia kutoboka. Na maneno yalikuwa haya:

"Mchungaji wetu ni plasta nzuri juu ya ukuta wenye nyufa. Ukigonga, ndani ni tupu. Haombi tena, anasoma maombi. Msingi wa kanisa hili umebebwa na wengine, yeye anapaka rangi tu."

Mama Mchungaji alilia pale pale, kimya, Bosi asimsikie. Alidhani ameelewa. Kocha amemwambia ajiandike mwenyewe, ajitazame kwa jicho la muumini wake, naye ameazima hata lugha ya mwinjilisti, ambaye zamani alikuwa fundi wa ujenzi na hajawahi kuhubiri dakika tano bila kutaja zege. Basi kumbe mle sebuleni, mlango ukiwa umefungwa, mwanamume huyu alikuwa akijivua hivi. Alijuta kila Alhamisi aliyokaa kwenye ngazi akimfikiria mabaya. Jioni ile alimpigia pasi shati jeupe bila kuombwa, akamwekea maji ya kuoga, na mumewe akamuuliza kama kuna msiba.

*

Wiki iliyofuata nakala safi zilifika. Mchungaji alitoka sebuleni baada ya kuongea na kocha, uso umemrefuka.

"Mama, kaa. Kuna mtu amenichoma kisu."

Akamsomea karatasi ya tisa, yote, kwa sauti ya mimbarini, akipumzika mahali pa kupumzika. Mkewe alimsikiliza akingoja. Alingoja atabasamu, aseme, hii niliiandika mimi, ukweli unauma. Alikuwa tayari kumshika mkono.

"Niambie," mchungaji alisema, "kanisani kwetu, nani anaongea lugha ya plasta na nyufa?"

Mkewe aliurudisha mkono wake mapajani.

"Watu wengi wamejenga," alisema.

"Mama, usinifanye mtoto."

"Kwani kocha anasemaje?"

"Kocha anasema nisitafute ni nani, nitafute ni nini. Yeye hana kanisa la kuendesha." Alikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni. "Sitaki kumhukumu mtu. Lakini baraza lazima lijue."

Aliondoka akiimba kwa pumzi, chini chini. Mkewe alibaki mezani. Alijaribu kumtetea kwa nguvu zote: labda amesahau, labda kuna mwandiko unaofanana. Lakini akili ilikuwa imekwisha kwenda ng'ambo ya reli, ambako mwakani ungefunguliwa mtaa mpya wa kanisa. Jina la mwinjilisti lilikuwa likitajwa, na kila mtu alijua kwamba akienda yeye, nusu ya viti vya hapa vitamfuata.

*

Neno halikai barazani. Hadi Jumapili, kila mtu alikuwa anajua, na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Matangazo, ambayo mwinjilisti aliyasoma kwa miaka tisa, yalisomwa na katibu. Kiti chake cha mbele kiliondolewa, ikasemwa panahitajika nafasi ya maua, na maua yenyewe hayakuletwa. Baada ya ibada alisimama mlangoni kusalimiana na watu kama kawaida yake, na watu wakakumbuka ghafla kwamba wameshika vitabu mikono yote miwili.

Yeye alicheka tu. Alikuwa mtu mkubwa, mguu mmoja mzito tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na alidhani ni mzaha ambao ataelezwa baadaye.

Mke wa mwinjilisti ndiye aliyekuja dukani Jumatatu. Hakuleta kazi ya kupiga chapa. Alisimama kwenye pazia, pochi kifuani.

"Dada, samahani nimekufuata kazini. Nyumbani kwako siku hizi naogopa. Mume wangu amekosa nini?"

"Nani kasema amekosa?"

"Ameitwa barazani Jumamosi. Katibu ameniuliza kama tuna ndugu wa kutupokea. Dada, ile nyumba ni ya kanisa. Mama mkwe hajatoka kitandani tangu mwaka jana. Tutambeba tumpeleke wapi?" Alifuta pua. "Wanasema ni ile fomu. Sasa ile fomu mimi nilimwona akiiandika. Siku mbili anaandika, mpaka nikamwambia unamwandikia mchungaji au Wakorintho? Akasema hii ni mara ya kwanza anamwandikia mkubwa wake bila kuomba kitu."

Mama Mchungaji aliondoa mikono kwenye kibodi. Katika zile karatasi kumi, herufi kubwa za fundi, zile za matangazo ya kanisa, hazikuwemo. Sasa ndipo alipoliona hilo.

"Bahasha alimpa nani?"

"Si alikuwa anasafiri kwenda kuwaona wafiwa wa kijijini? Alimwachia mchungaji mwenyewe, mkononi. Akasema kwa mchungaji haipotei."

Feni haikuwa ikizunguka, lakini Mama Mchungaji aliitazama kwa muda kama inayozunguka. Aliona aibu, aibu nene, kana kwamba yeye ndiye aliyefungua ile bahasha. Alimwambia mwenzake, nenda nyumbani, usifungashe kitu.

*

Jumamosi asubuhi mchungaji alimletea karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono.

"Nipigie hii, Mama. Ninaihitaji kabla ya kikao cha saa nane."

Ilikuwa barua ya kumwondoa mwinjilisti kazini. Ilikuwa na upendo mwingi. Ilimshukuru kwa utumishi wake, ilimtakia baraka, na ilimpa siku kumi na nne kukabidhi funguo.

"Huu mwandiko naujua," mkewe alisema.

"Ni wangu. Kwani vipi?"

"Niliupiga chapa wiki mbili zilizopita. Kocha wako alizileta dukani kwetu. Zote kumi nilizipiga mimi."

Mchungaji alikaa kwenye ukingo wa kiti. Mkewe alikuwa ameuandaa moyo wake kwa hasira, au kwa machozi, au kwa maelezo marefu.

"Umemwambia nani?" aliuliza mchungaji.

Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Hakuuliza, unanifikiriaje. Hakuuliza hata, ulijisikiaje.

"Sijamwambia mtu."

"Na ulikuwa na haki gani ya kusoma siri za watu? Zile karatasi zilikuwa za siri, Mama. Watu waliamini."

Nyani haoni kundule, Mama Mchungaji aliwaza, lakini alisema kwa upole tu: "Nilikosa. Nitatubu langu. Wewe lako?"

"Hujui nilivyobeba kanisa hili. Hujui ilivyo kusimama pale mbele na kuona macho yao yanamtafuta mtu mwingine."

"Mngeongea hilo na kocha. Si ndiyo kazi yake, kuuliza chini kuna nini?"

Mkewe alimrudishia karatasi zake mbili.

"Hii barua siipigi. Na kwenye kikao nitakuwepo."

"Baraza ni la wazee. Wake hawaingii."

"Na chai huingia na nani?"

*

Ofisi ya kanisa ilikuwa na meza ndefu na wazee sita, katibu na daftari lake, na mchungaji upande wa kichwa. Mwinjilisti alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame, ila kiti hakikuwekwa, ingawa viti vya plastiki vilikuwa vimepandana pembeni hadi dirishani. Mguu ulikuwa ukimsumbua, akawa anauegemeza ukutani kidogo kidogo ili isionekane.

Mama Mchungaji aliingia na birika. Alimimina kikombe baada ya kikombe bila kumtazama mtu. Alipomaliza alitoa kiti kimoja kwenye lile rundo, akakiburuta hadi mezani kwa kelele zake zote, akasema, "Kaa, Mtumishi." Mwinjilisti akakaa. Mama Mchungaji akarudi mlangoni akasimama, birika mkononi.

"Asante, Mama," alisema mwenyekiti wa baraza. "Sasa tuachie."

"Nasubiri vikombe."

Mzee alitazama kikombe chake kilichojaa hadi ukingoni, akaona hapana hoja ya kuongeza. Akamgeukia mchungaji. "Basi tusomee hiyo barua, tujue."

Mchungaji aliishika barua yake ya mkono. Alimtazama mkewe, akaitazama barua, akamtazama mkewe tena. Birika lilikuwa zito na la moto, na mkewe hakulibadilisha mkono. Alikuwa amekwisha kupanga sentensi yake ya kwanza. Ilikuwa fupi, na ingevunja nyumba yake.

Mchungaji aliikunja barua.

"Wazee wangu," alisema, "ile karatasi niliiandika mimi."

Kijiko kilianguka mahali. Mchungaji akainuka. Alisema kila kitu, na ni haki yake kusemwa kwamba hakuficha: aliifungua bahasha ya ndugu yake, aliitoa iliyokuwemo, akaweka yake, akaazima na maneno ya ndugu yake ili idhaniwe ameandika ndugu huyo. Alisema alikuwa na hofu. Alisema hofu hiyo ina miaka mingi, na kwamba anaikubali leo mbele yao, haifichi tena. Sauti ilimkatika, machozi yakaja, akamwendea mwinjilisti akapiga magoti karibu na kile kiti cha plastiki.

Halafu mwenyekiti wa baraza alitoa leso. "Mimi nina miaka sabini na minne," alisema. "Sijawahi kuona kiongozi anajishusha hivi." Mwingine alisema makao makuu waambiwe kuhusu huyu kocha, kazi yake inaonekana. Katibu alianzisha pambio. Walisimama wote, wakamzunguka mchungaji, wakamkumbatia, wakampiga piga mgongoni, na ili kumfikia ilibidi waruke miguu ya mwinjilisti, aliyekuwa bado amekaa.

"Na ile yangu iko wapi, Mchungaji?" aliuliza mwinjilisti.

"Tutazungumza, ndugu yangu. Tutazungumza."

Katibu aliandika kwamba mwinjilisti anaendelea na kazi na nyumba yake. Hakuna aliyeuliza kuhusu kiti chake cha mbele wala matangazo. Na juu ya bega la mwenyekiti, katikati ya wimbo, macho ya mchungaji yenye machozi yalimtafuta mkewe mlangoni. Ilikuwa ile namna aliyomtazama kila Jumapili akishuka mimbarini, akimuuliza bila kusema: imekwendaje?

Mama Mchungaji alianza kukusanya vikombe.

*

Walirudi kwa miguu, jua bado lipo, yeye amebeba birika tupu na mumewe amebeba Biblia. Watu wawili walimsimamisha mchungaji njiani kumpa mkono, habari ilikuwa imekwisha kuwatangulia. Walipofika barabara ya vumbi isiyo na maduka, mkewe aliuliza.

"Aliandika nini?"

"Nani?"

"Yule. Kwenye ile uliyoitoa."

Mchungaji alitembea hatua kadhaa. "Mazuri tu."

"Mazuri gani?"

"Kurasa mbili. Kwamba nilimfuata hospitalini alipovunjika mguu, wakati wenzake wa ujenzi wamemkimbia. Kwamba nilimfundisha kusimama mbele za watu. Kwamba hata wakimpa ule mtaa mpya, ataomba abaki chini yangu mwaka mmoja zaidi, kwa sababu bado hajamaliza kujifunza."

"Sasa ikawaje?"

"Niliisoma mara tatu." Sauti yake sasa haikuwa ya mimbarini, ilikuwa ndogo, imechoka. "Kila nikisoma najiuliza anataka nini. Mtu hawezi kukuandikia hivyo na hataki kitu. Sikumwamini, Mama."

"Iko wapi?"

"Niliichana."

Mama Mchungaji alilihamisha birika mkono wa pili. Alifikiria siku mbili za yule fundi, ameinama juu ya herufi zake kubwa. Alimwonea huruma mwinjilisti, na alimwonea huruma mumewe pia, na huruma hizo mbili hazikuchanganyika.

"Lakini leo umeniona," mchungaji alisema. "Nimesema ukweli mbele ya wote. Hakuna aliyenilazimisha. Wewe unaniamini, au siyo?"

Alitamani kusema ndiyo. Machozi aliyaona, yalikuwa machozi ya kweli, yalilowesha kola ya shati alilolipiga pasi mwenyewe. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mlangoni. Kama chai ingeletwa na mtu mwingine, barua ingesomwa au isingesomwa? Hilo hakulijua, na hakudhani kama mumewe alilijua.

"Nimekutazama mara tatu pale ofisini, Baba," alisema. "Na mimi kila nikikutazama, najiuliza unataka nini."